Neva zetu haziko kwenye nyuzijoto 6.3

Anayepakua leo NEURON, programu huria inayotumiwa na watafiti wa ubongo dunia nzima kuiga kazi ya seli za neva, hupewa pamoja nayo namba moja ambayo hakuiomba: nyuzijoto 6.3. Usipoigusa, programu huchukulia kwamba neva unayoiiga imo kwenye baridi hiyo. Bahari yetu ya Mombasa huwa kati ya nyuzijoto 25 na 29, na kuna miezi inapita hapo. Kiumbe pekee wa pwani hii anayekaribia 6.3 ni samaki aliyelazwa juu ya barafu akisubiri mnunuzi, na huyo neva zake hazina habari tena.

Namba hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ilitoka kwa ngisi. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walichapisha mfululizo wa makala yaliyoeleza kwa hesabu jinsi ishara ya umeme inavyozaliwa na kusafiri kwenye neva. Vipimo vyao walivifanya Plymouth, kwa ngisi waliovuliwa kwenye maji ya huko. Ngisi aliwafaa kwa sababu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa amelishuhudia: ukimgutusha, hujikaza mwili mzima kwa mkupuo na kuruka kinyumenyume kwa nguvu ya maji anayoyafyatua. Misuli yote ikitakiwa ijikaze kwa wakati mmoja, ishara lazima iwahi, na aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva unaobeba ishara, ikiwa nene huipitisha haraka kuliko ikiwa nyembamba. Basi ngisi amejaliwa aksoni yenye unene wa kama nusu milimita, inayoonekana kwa macho matupu. Nyingi kati ya aksoni za ubongo wetu hazizidi elfu moja ya milimita. Kwenye aksoni ya ngisi unaweza kuingiza waya.

Walipima kwenye baridi kwa sababu kwenye baridi mambo ya neva huenda polepole, na vifaa vya wakati ule viliweza kuyafuata. Halafu Huxley akaketi kufanya hesabu. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa kwenye matengenezo makubwa, akatumia mashine ya kuzungusha kwa mkono iitwayo Brunsviga, wiki nenda wiki rudi. Milinganyo yao ilitabiri kwamba kwenye nyuzijoto 18.5 ishara ingesafiri mita 18.8 kwa sekunde. Kipimo halisi kwenye aksoni kilikuwa mita 21.2. Kwa watu waliokuwa wakizungusha mkono, hiyo ni shabaha ya ajabu, na mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel. Kazi ile ile leo laptopu ya mtumba inaimaliza kabla hujashusha kikombe cha kahawa tungu.

Watetezi wa programu huria hapa kwetu hupenda kuanza na bei. Ni bure, wanasema, kwa hiyo mwanafunzi wa Mombasa amekuwa sawa na mwanafunzi wa Lausanne, Uswisi. NEURON ni bure, ndiyo. Na wenzake wa kazi hiyo hiyo: NEST ni bure, Brian ni bure, Arbor ni bure. Lakini bure ni sifa ndogo kuliko zote walizonazo. Kitu cha bure kinaweza kuwa kimefungwa, nawe ukakitumia miaka kumi bila kujua ndani kuna nini. Faida ninayoitetea ni nyingine: kwamba unaweza kuifungua programu, ukaona namba iko wapi, ikatoka kwa nani, kwa mnyama gani, kwenye joto gani, kisha ukaibadilisha na kumwonyesha mwenzako ulichobadilisha. Huko ndiko kunakoamua kama unaiga neva au unachora mistari.

Hebu tulifungue faili lenyewe. Ndani ya NEURON, milango ya ioni ya Hodgkin na Huxley, yaani vitundu vya kwenye utando wa neva vinavyopitisha chembe zenye chaji ya umeme, imeandikwa kwenye faili fupi la maandishi ambalo hata kwenye simu linasomeka. Utakuta 0.12 kwa milango ya sodiamu, 0.036 kwa potasiamu, na 0.0003 kwa umeme unaovuja tu. Ni uwezo wa kupitisha umeme kwa kila sentimita mraba ya utando, na ni namba za ngisi wa Plymouth, hazijabadilika tangu 1952. Shuka mistari michache utakuta kanuni ya joto: chukua joto uliloweka, toa 6.3, gawa kwa 10, kisha pandisha 3 kwa kipeo hicho. Maana yake ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, milango hufunguka na kufunga mara tatu kwa kasi. Weka 28, joto la kawaida la maji yetu, upate kipeo cha 2.17, na kasi inakuwa karibu mara 11 ya ile ya kwenye baridi. Ishara inafupika sana na kimo chake kinashuka. Endelea kupandisha joto, itafika mahali inakufa kabisa.

Kijana mmoja wa Tudor anayejifunza mambo haya alinitumia kwa WhatsApp mchoro aliouita neva ya binadamu. Chini yake kaandika, “Mwalimu, imekubali!” Nikamjibu, “Hongera. Joto umeweka ngapi?” Akaja na, “Joto lipi tena, mwalimu?” Mchoro ulikuwa mzuri, umepanda na kushuka kama wa vitabuni. Ulikuwa wa ngisi wa baridi aliyeandikwa jina la binadamu. Simlaumu hata kidogo, maana programu haikulalamika. Mchoro hauna haya. Nilimwelekeza kwenye lile faili, na kesho yake akarudi na swali zuri kuliko mchoro: kwa nini 3, na si 2 wala 4? Hapo ndipo elimu ilipoanza. Kwenye programu iliyofungwa, swali hilo lisingepata pa kuzaliwa.

Kuna mtego mwingine pale pale. NEURON ikipewa waya wa neva, kwa kawaida inauchukulia kuwa kipande kimoja mpaka uiambie iugawe. Aksoni ya sentimita 10 inakuwa bonge moja lenye volteji moja kila mahali, na ishara haisafiri popote. Mwanafunzi anaona volteji ikiruka, anafurahi. Ishara haijaenda hata hatua.

Suala la waya kwa kweli ni historia ya mji huu kuliko watu wanavyodhani. Mlinganyo ambao NEURON huutatua kila mara ni mlinganyo wa kebo, na mzizi wake ni kebo za simu ya maandishi (telegrafu) zilizolazwa baharini. Mwaka 1855 William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alitaka kujua kwa nini ishara inayoingia kali upande mmoja wa kebo ndefu iliyo chini ya maji hutokea upande wa pili imechoka na kutandaa. Hesabu yake ilihusu shaba, mpira wa kuzuia umeme na maji ya chumvi. Baadaye wataalamu wa neva waligundua kwamba aksoni ni jambo lile lile: maji ya chumvi ndani, utando wa kuzuia umeme, maji ya chumvi nje. Hodgkin na Rushton walilipima mwaka 1946, kisha Mmarekani Wilfrid Rall akaupeleka mlinganyo ule kwenye dendraiti, yale matawi ya seli ya neva yanayopokea ishara. Kebo ya aina hiyo ilifika Mombasa kutoka Zanzibar mwaka 1890. Mwaka 2009 zikaja SEACOM na TEAMS, za nyuzi za kioo, na hazikuwa za mwisho. Sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki inapanda nchi kavu hapa, na bado mwanafunzi anahesabu bando kabla ya kupakua chochote. Sitaki kuchukua njia hiyo ya malalamiko, kwa sababu NEURON ni programu nyepesi na kwenye bando si yenyewe inayokula. Video ndizo zinazokula.

Ninalolalamikia ni semina. Mtindo ni ule ule kila mahali: siku mbili, projekta, chai ya saa nne na mahamri, watu wanafungua msimbo ulioandaliwa tayari, wanabonyeza kitufe, niuroni (seli za neva) elfu moja zinameta kwenye skrini kama taa za harusi, picha ya pamoja inapigwa, vyeti vinatoka. Hakuna aliyeulizwa namba moja imetoka wapi. Vifaa ni huria, mafunzo yamefungwa. Zipo shule zinazofanya tofauti. Neuromatch ilianza mwaka 2020 kufundisha kwa mtandao na kumlazimisha mwanafunzi aandike msimbo mwenyewe akiwa na kikundi chake, na Imbizo ya Afrika Kusini, iliyoanza 2017, huwakusanya wanafunzi kwa wiki kadhaa, si siku mbili. Hizo zinajulikana, na Wakenya wanaweza kuomba nafasi. Kinachokosekana ni cha hapa hapa mjini, cha kila wiki, kisicho na bango.

Ugonjwa wa kupenda kumeta hatukuuanzisha sisi. Mwaka 2009 Henry Markram, aliyekuwa akiongoza mradi wa Blue Brain huko Uswisi, alisimama mbele ya hadhira ya Oxford na kusema kwamba ubongo wa binadamu ungeweza kujengwa kwenye kompyuta ndani ya miaka 10. Umoja wa Ulaya ukalichukua wazo hilo katika mradi mkubwa ulioanza 2013. Mwaka mmoja baadaye mamia ya wanasayansi wakaandika barua ya wazi kuupinga jinsi ulivyokuwa ukiendeshwa. Mradi ulifungwa 2023, Blue Brain ikafuata 2024, na ubongo wa binadamu haujajengwa. Kilichochapishwa mwaka 2015 kilikuwa kipande cha ubongo wa panya mchanga, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye niuroni kama 31,000. Kazi ya heshima, lakini mapengo yake mengi yalijazwa kwa kanuni za kukisia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupima kila kitu ndani ya hata kipande hicho.

Mwaka 2013 pia Wajapani na Wajerumani waliichukua NEST, wakaipandisha kwenye kompyuta kuu ya K yenye vichakataji 82,944, wakaiga niuroni bilioni 1.73 na sinapsi, yaani viungo kati ya niuroni na niuroni, trilioni 10.4. Sekunde moja ya uhai wa mtandao huo ilichukua dakika 40 kuhesabiwa. Magazeti yakaandika habari za ubongo bandia. Waliofanya kazi yenyewe walisema wazi kwamba niuroni zile ziliunganishwa ovyoovyo na kwamba walikuwa wakipima ukomo wa programu. Ubongo wa mtu una niuroni kama bilioni 86. Ungekuwa nazo zote kwenye mashine, zimeunganishwa ovyo, ungekuwa na kelele kubwa tu.

Nisionekane nawasema vibaya. Miradi hiyo imeacha kitu ambacho sisi tunakitumia: msimbo uliokomaa, ulio wazi, uliopimwa na watu wengi. Sehemu ya kasi ya NEURON ya leo imetoka kwa wahandisi wa Blue Brain. Ahadi ilikufa, programu ikabaki, na kwa mtu aliyeko Kisauni au Likoni hiyo biashara si mbaya.

Kinyume cha haya yote ni nzi. Mwaka 2024 ulitolewa mchoro kamili wa miunganisho ya ubongo wa nzi wa matunda jike: niuroni karibu 140,000 na sinapsi milioni 50 na ushee, uliochorwa kutokana na picha za hadubini ya elektroni na kurekebishwa kwa mkono na mamia ya watu. Kundi jingine la watafiti likauchukua mchoro huo, likauingiza kwenye Brian, programu huria ya Kifaransa kwa asili, kwa kutumia niuroni rahisi mno: kila moja inajumlisha inachopokea, ikifika kiwango inafyatua. Hakuna milango ya sodiamu, hakuna dendraiti. Na modeli hiyo iliweza kutabiri ni niuroni zipi zinamfanya nzi atoe mrija wake akionja sukari, na zipi zinamfanya asugue antena, utabiri ambao ulijaribiwa kwa nzi wa kweli na mwingi ukasimama. Ilikimbia kwenye laptopu.

Ninaipenda kazi hiyo kwa sababu inavuruga hesabu ya watu wanaodhani uhalisia ni wingi wa vipengele. Modeli ya panya ilikuwa na kila kipengele isipokuwa ramani ya kweli. Ya nzi haikuwa na chochote isipokuwa ramani ya kweli. Kila modeli ina uhalisia pale palipopimwa, na mengine ni ukarimu wa mwandishi. Kazi ya msomaji wa msimbo ni kujua mpaka wa vitu hivyo viwili uko wapi, na huo mpaka huwezi kuuona kama msimbo umefungwa.

Hata palipopimwa pana ujanja wake. Kaa na kamba wana kifundo kidogo cha neva, niuroni kama 30, kinachoendesha misuli ya tumbo la kusagia chakula. Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis amekikalia kifundo hicho maisha yake yote ya kazi. Mwaka 2004 yeye na wenzake Astrid Prinz na Dirk Bucher walitengeneza modeli ya seli tatu za mtandao huo kwa zaidi ya matoleo milioni 20, kila moja na namba zake. Wakakuta matoleo mengi sana, yaliyotofautiana kabisa ndani, yanatoa mdundo ule ule. Maana yake ni ngumu kumeza: modeli yako ikipiga mdundo sawa na wa mnyama, bado hujathibitisha kwamba namba zako ni za mnyama huyo. Umethibitisha tu kwamba ni mojawapo ya njia nyingi za kufika pale. Yule kijana wa Tudor nilimpa makala hayo. Alinuna siku mbili.

Maabara ile ile ilionyesha baadaye kwamba kaa wa bahari ya baridi huushika mpangilio wa mdundo huo kuanzia nyuzijoto 7 hadi 23. Kasi inaongezeka, zamu za seli zinabaki vilevile. Ukizidisha joto, mdundo unasambaratika. Sasa mfikirie kaa wa matope wa mikokoni ya Tudor au Mtwapa, ambaye 23 kwake ni ubaridi. Neva zake zinafanya kazi mahali ambapo za jamaa yake wa Atlantiki zimeshavurugika. Kwa namba zipi? Modeli zilizoko kwenye hazina za wazi hazitakuambia, kwa sababu hazikujengwa kwake.

Unaweza kudhani ni suala la kubadilisha joto kwenye faili, ile tatu kwa kipeo, na kazi imekwisha. Pweza wanakataa. Mwaka 2012 Sandra Garrett na Joshua Rosenthal walilinganisha pweza wa Antaktiki na pweza wa bahari ya joto ya Karibi. Walitarajia kukuta jeni za milango ya potasiamu zimetofautiana. Zilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwenye uhariri: pweza wa baridi huibadilisha RNA, ule ujumbe unaotoka kwenye jeni, kabla haijatumika, na badiliko hilo huharakisha kufunga kwa mlango. Yule wa joto hafanyi hivyo kwa kiasi hicho. Mnyama mwenyewe anaandika upya msimbo wake kulingana na maji aliyomo. Basi kuchukua ngisi wa Plymouth ukampandisha kwa kanuni mpaka 28 ni dhana, na dhana inatakiwa kupimwa. Supu ya pweza inauzwa jioni kila mtaa hapa mjini. Namba za neva zake hazimo kwenye modeli yoyote niliyowahi kuifungua.

Mtu ataniuliza ngisi na pweza vinamsaidia nini mwananchi, tena wakati huu. Swali halali. Jibu langu ni kifafa. Ipo programu huria iitwayo The Virtual Brain, ambayo badala ya kuiga seli mojamoja huiga maeneo ya ubongo na nyuzi zinazoyaunganisha, ikitumia picha za MRI za mgonjwa mwenyewe. Viktor Jirsa na wenzake wa Marseille wameitumia kukisia kifafa cha mgonjwa kinaanzia wapi ili daktari wa upasuaji ajue pa kukata, na Ufaransa wamelifanyia jambo hilo majaribio ya kitabibu. Programu yenyewe unaipakua leo hii ukiwa Changamwe. Lakini imepimwa kwa wagonjwa wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu kifafa barani Afrika, Kilifi ikiwa moja ya vituo vyake vitano pamoja na Ifakara ya Tanzania, ulionyesha uhusiano wa kifafa na vimelea vya minyoo, na pia matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Ongeza malaria ya kichwa. Ubongo uliopitia hayo huenda umeumia kwa namna tofauti na wa mgonjwa wa Marseille, na ile modeli haijui, kwa kuwa hakuna aliyeiambia. Ikija siku hospitali ya pwani kuuziwa kifaa kilichojengwa juu ya modeli kama hizo, kimefungwa kwenye sanduku na mkataba wa matengenezo, tutataka kuwa na watu wanaoweza kuuliza joto limewekwa ngapi.

Watu hao hawatoki kwenye semina, na pia hawahitaji kompyuta kuu. Wanahitaji kipimo kimoja walichokifanya wenyewe, wakione kinagombana na modeli. Hapo tuna nafasi ambayo miji mingi haina. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mkomani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kina watu wa umeme na wa kompyuta. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi na wanabiolojia wake. Wavuvi wanajua ngisi anapatikana wapi na mwezi gani.

Kipimo cha kwanza ninachokipendekeza ni kasi. Kupima milango ya ioni kama walivyofanya Plymouth ni kazi ya vifaa ghali na mikono iliyozoea, tuiache kwa sasa. Kasi inapimwa kutoka nje ya aksoni. Unatoa aksoni kwa ngisi aliyechinjwa papo hapo, maana wa sokoni amekwisha, unailaza kwenye maji ya bahari, unaweka jozi mbili za nyaya zilizoachana sentimita 5, unasisimua upande mmoja. Ikiwa ishara inakwenda mita 20 kwa sekunde, itachukua milisekunde 2.5 kutoka jozi ya kwanza hadi ya pili. Kadi ya sauti ya kompyuta yoyote husoma mara 44,100 kwa sekunde, yaani kati ya jozi na jozi inapata visomo 110 hivi. Inatosha kabisa. Kikuza ishara kidogo kinajengwa kwa vipuri. Michoro ya kifaa cha Backyard Brains, kinachosikiliza neva za mguu wa mende, iko wazi, na mende hatuna upungufu. Anza na mende ujifunze kelele za umeme wa mjini, kisha nenda kwa ngisi.

Pima kwenye 22, kwenye 25, kwenye 28, kwenye 31. Pima na unene wa aksoni chini ya hadubini, kwa sababu kasi inategemea unene huo. Halafu fungua NEURON, weka unene ule ule na joto lile lile, gawa waya vipande vya kutosha, iache namba ya sodiamu kama ilivyokuja, usome kasi inayotabiriwa. Zikilingana, umepata jambo la kuandika: kanuni ya Plymouth inafika mpaka Ikweta. Zisipolingana, umepata kubwa zaidi, na itabidi utafute kama ni ile 3, au ni wingi wa milango, au ni uhariri wa RNA kama wa pweza. Siwezi kukuambia lipi litatokea, na hilo ndilo linaloifanya kazi hii istahili kufanywa hapa badala ya kusomwa tu.

Vibali vya utafiti vinatolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na maadili ya wanyama yazingatiwe. Ulaya tangu 2010 sheria yao inawalinda ngisi na pweza maabara, na hakuna sababu sisi tuwe chini ya hapo. Kisha vipimo visiishie kwenye laptopu ya mkuu wa idara. ModelDB, hazina iliyoanzishwa Yale miaka ya tisini, ina modeli zaidi ya 1,700 ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuziendesha, na inapokea za wengine. Modeli ya ngisi wa Mombasa iwekwe humo pamoja na data ghafi: jina la kisayansi la mnyama, mahali alipovuliwa, joto la maji, unene wa aksoni, na visomo vyote, vikiwemo vile ambavyo waya uliteleza na aksoni ikafa katikati.